Aliyekufa Ni Ephrasia

Watu wa kwanza kufika msibani kwa Ildefons Kaijage walikuja kumlilia Ildefons mwenyewe. Walikuwa wanawake watatu wa jumuiya ya jirani, wamejifunga vitenge kiunoni, na mmoja wao alianza kulia tangu kwenye njia ya kuingilia kibanjani. Alipoinua uso akamwona Ildefons amesimama mlangoni, shati limefunguliwa vifungo, kilio kikakatika. Akarudi nyuma bila kutazama, akajikwaa kwenye mkungu wa ndizi uliolazwa chini kwa ajili ya wapishi, akaanguka.

Ildefons hakuelewa. Mke wake, Ephrasia Kokubanza, alikuwa amefariki jana yake mchana hospitalini mjini Bukoba. Presha ilimpanda ghafla akiwa anapalilia maharage, na hakuzungumza tena. Mwili ulikuwa bado chumba cha maiti. Ildefons alidhani yule mama amezidiwa na uchungu, akaenda kumwinua. Mama akaukwepa mkono wake kama mtu anayekwepa moto.

"Tumesikia redioni, waitu, mzee wetu," mwenzake alisema kwa aibu. "Wamesema ni wewe."

Kufikia saa za chai, habari ilikuwa imeenea Kanazi nzima. Wengine walifika wakilia, wakimwona wakanyamaza. Wengine walitumwa na mabwana zao kuja kuhakikisha. Vijana wa bodaboda walipunguza mwendo wakipita mbele ya nyumba, na mmoja aliomba apige picha na mzee aliyefufuka. Ildefons alilazimika kutoka nje kila kundi lilipoingia, aonekane, aguswe, aulizwe. Kisha ikatokea iliyomuuma kuliko zote: watu walianza kucheka. Si kwa ubaya. Walicheka kwa ahueni, wakapigana mabega, mzee mmoja akasema Ildefons ataishi miaka mia kwa sababu kifo kimekwisha mpita. Kila aliyefika alianza kwa kumshukuru Mungu kwamba Ildefons yu hai, na kumshukuru Mungu katika nyumba ile, asubuhi ile, kulikuwa tusi. Baada ya kicheko ndipo wengine walikumbuka kuuliza: basi aliyekufa ni nani?

Ndani, Joanitha, binti wa pekee wa marehemu, alisikia vicheko vya uani akiwa amekaa kwenye nyasi zilizotandazwa sakafuni. Aliwaambia wanawake waliomzunguka kwamba anataka kujua nani anacheka kwenye msiba wa mama yake.

*

Tangazo alilipeleka Avit, mume wa Joanitha, fundi seremala wa Hamugembe. Alikuwa mtu wa maneno machache, na katika ukoo wa mkewe bado alikuwa anapimwa, ingawa ndoa ilikuwa ya miaka mingi. Jioni ile ya kifo yeye ndiye aliyeshughulikia jeneza, gari na redio, kwa sababu wengine wote walikuwa wanalia.

Zamani ungekwenda mwenyewe kwenye kituo cha redio pale Miembeni, ukasimama dirishani. Ndani alikaa mama mmoja aliyeitwa Annastella. Angeandika maneno yako, kisha akuulize: aliyefariki ni nani, na anayetangaza ni nani? Angekusomea, ukiitikia ndipo anaweka muhuri, na saa ya matangazo yeye mwenyewe aliyasoma, kwa sauti nzito kidogo, kama mtu aliyefika kwenye kila msiba. Tangu Pasaka iliyopita dirisha lilikuwa limefungwa. Kituo kilinunua programu ya kompyuta. Unatuma ujumbe kwa simu, unalipa kwa simu, programu inaupanga ujumbe wako na kuufupisha, na sauti ya kutengenezwa inausoma hewani. Ilikuwa sauti ya kike, tamu, isiyokohoa. Majina ya Kihaya iliyavunja mahali pasipovunjika.

Avit aliandika kama watu wote wa Kagera wanavyoandika: "Mzee Ildefons Kaijage wa Kanazi anasikitika kutangaza kifo cha mke wake mpendwa, Ephrasia Kokubanza, kilichotokea leo. Habari ziwafikie Bartholomayo Rugaibula wa Kamachumu, Muleba, pamoja na ndugu na marafiki wote. Mazishi yatafanyika Alhamisi hapo Kanazi." Alimsomea Joanitha, Joanitha akaitikia kwa kichwa.

Kilichosomwa hewani kilikuwa hiki: "Tunasikitika kutangaza kifo cha Mzee Ildefons Kaijage wa Kanazi. Mazishi ni Alhamisi. Habari ziwafikie Bartholomayo Rugaibula wa Kamachumu, Muleba." Ephrasia hakutajwa kabisa. Kwa kuwa nyumba yenye msiba haiwashi redio, wenyewe walikuwa wa mwisho kujua.

Asubuhi ile ya vicheko Avit alipiga simu kituoni. Sauti ile ile tamu ilimpokea, ikamwambia abonyeze moja kwa matangazo ya biashara, mbili kwa vifo, tatu kwa salamu. Alibonyeza mbili. Ikamwambia atume ujumbe. Akatuma: aliyefariki si Ildefons Kaijage, ni mke wake, tafadhali rekebisheni haraka. Ikamjibu kwamba tangazo lake jipya limepokelewa, na ikamtaka alipe tena. Alilipa. Adhuhuri redio ya dukani ilisikika ikitangaza, mara mbili mfululizo, kifo cha Mzee Ildefons Kaijage.

Akapanda pikipiki mpaka Miembeni. Kwenye mapokezi alimkuta msichana mmoja, mpole, aliyemweleza kwamba siku hizi matangazo hayapiti mikononi mwao, lakini atayawekea alama ili yashughulikiwe. Avit alisubiri kwenye benchi la korido, amevua kofia, mpaka msichana akamwambia tayari, mzee wangu, imeshakaa sawa. Avit akarudi Kanazi na kuwaambia wakwe zake kwamba imeshakaa sawa. Kumbe kilichofanyika ni matangazo yote mawili kufutwa. Tangu saa ile redio haikusema lolote, si la Ildefons wala la Ephrasia.

*

Bartholomayo Rugaibula alikuwa mdogo wake Ephrasia, tumbo moja. Mama yao alifariki Bartholomayo akiwa hajaanza kutembea, na Ephrasia, naye mtoto, ndiye aliyembeba mgongoni, akimtafunia ndizi kabla ya kumlisha. Sasa alikuwa mzee wa mvi, mlezi wa kanisa huko Kamachumu, na simu hakuwa nayo. Ukimtaka unampigia jirani yake, Rutaihwa.

Joanitha alikuwa amempigia Rutaihwa jioni ile ile ya kifo. Mtandao ulikuwa unakatika. Alisema huku analia kwamba kuna msiba Kanazi, nyumbani kwa tata, yaani baba yake, amwambie mjomba, na hapo simu ikafa. Alipojaribu tena hakupatikana, wala kesho yake. Hakuogopa sana. Kule Kamachumu saa ya matangazo kila nyumba husikiliza, na jina la mjomba lilikuwa ndani ya tangazo. Kisha Avit akaja na habari kwamba limerekebishwa.

Kwa hiyo Bartholomayo alipata habari mara mbili, na habari zote mbili zilikubaliana. Rutaihwa alimwambia kuna msiba kwa Ildefons. Redio ikamwita kwa jina lake na kumwambia aliyekufa ni Ildefons. Alihuzunika, kwa sababu shemeji yake alikuwa mtu mwema. Lakini kwa msiba wa shemeji mtu hufika siku ya mazishi, amejipanga, na watu wa ukoo wake, na mchango wao. Kwa msiba wa dada wa tumbo moja mtu huondoka na nguo alizovaa.

Alhamisi walimsubiri. Padre alikuwa na mazishi mengine Katerero, na mvua ilikuwa imefunga juu ya ziwa. Wazee walisema haifai kumzika mwanamke bila mtu wa kwao kuwapo, kwamba ndugu yake ndiye anayepaswa kumwona uso wa mwisho na kuridhika kwamba alitunzwa. Ildefons aliomba wasubiri kidogo. Wakasubiri. Kisha wakasubiri tena, mpaka padre akasema kwa upole kwamba hawezi zaidi. Jeneza likafungwa.

Udongo wa kaburi ulikuwa haujakauka wakati pikapu ilipoingia kibanjani, ikiwa na ndizi, watu watano wa Kamachumu na Bartholomayo amekaa mbele. Barabara ilikuwa inateleza mlimani, wakakwama njiani. Alishuka polepole akiwa ameshika blanketi jipya, bado limo kwenye mfuko wake wa plastiki. Alikuwa amemnunulia dada yake, kwa sababu wajane hulala chini siku za matanga na Kanazi kuna baridi. Njia nzima alikuwa akiwaza namna atakavyomwambia: matanga yakiisha, twende Kamachumu ukapumzike.

Watu waliokuwa wakila waliacha kula. Walijua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Bartholomayo akamsalimia mama mmoja aliyekuwa karibu na mlango na kumuuliza kama dada yake yuko ndani.

Aliyetoka ndani ni Ildefons.

Bartholomayo alimtazama. Hakurudi nyuma wala hakuanguka kama yule mama wa jumuiya. Watu waliokuwa karibu wanasema waliona fahamu zikimjia kidogo kidogo, kutoka machoni kwenda mdomoni, kabla hajaambiwa kitu.

"Ephrasia yuko wapi?" aliuliza.

Ildefons akamshika mkono na kumzungusha nyuma ya nyumba, penye migomba, akamwonyesha.

*

Hasira ya Bartholomayo ilianzia nyumbani. Alisema mbele ya watu kwamba wamemficha. Alisema mtu hazikwi haraka hivyo ila kama kuna jambo, na watu wa Kamachumu aliokuja nao wakaitikia. Shangazi mmoja wa Ildefons, akitaka kuunusuru ukoo, alisema kosa si lao, kosa ni la mkwe, fundi mbao asiyejua kuandika tangazo. Avit alikuwa amesimama pale pale na sinia la vikombe mikononi. Aliweka sinia chini, akatoa simu yake na kumpa Bartholomayo asome alichoandika. Mzee akasoma akiwa ameisogeza mbali na macho. Akasoma mara ya pili kwa sauti, taratibu, mpaka kwenye jina la dada yake. Akamrudishia simu, akamwomba radhi mbele ya wote.

"Huyu aliandika vizuri," alisema. "Nataka kumwona aliyesoma."

Asubuhi iliyofuata walikwenda wanne: Ildefons, Bartholomayo, Joanitha na Avit. Wazee walimzuia Joanitha, kwamba mfiwa mwanamke hatoki nje matanga yakiendelea. Alijibu kwamba mama yake bado hajatangazwa, hivyo hata matanga yenyewe hayajaanza.

Msichana wa mapokezi alitaka kujua wana miadi na nani. Bartholomayo alisema wamekuja kumwona anayesoma matangazo ya vifo. Msichana alisita, kisha akaenda kumwita meneja, kijana anayeitwa Julius, shati jeupe, mwenye adabu. Aliwapa pole wote kwa mikono miwili. Kwa sababu Bartholomayo hakuacha kuuliza msomaji yuko wapi, aliwafungulia mlango wa studio. Ndani kulikuwa na meza, kiti, kompyuta inayowaka, na hakuna mtu. Maneno yalikuwa yakipita kwenye kioo, na kwenye spika ndogo ukutani ile sauti ilikuwa ikitangaza mbegu za mahindi.

Bartholomayo alikitazama kile kiti kitupu. Alikuwa amekuja kutoka Kamachumu na maneno kifuani, na hapakuwa na uso wa kuambiwa.

Julius alieleza kwa uvumilivu. Programu haisomi kama binadamu. Inatafuta jina la kwanza lililokamilika karibu na neno kifo, na ujumbe ukiwa mrefu inaufupisha, kwa sababu muda wa hewani ni ghali. Ujumbe wao ulianza na jina la mzee, ndiyo maana. Na alama aliyoweka msichana wa mapokezi iliyafuta matangazo yote mawili. Kwa mikutano, kwa bei za kahawa, kwa mali zilizopotea, imekuwa ikifanya kazi vizuri sana, na imewapunguzia gharama. Makosa ni machache.

"Bei ya kahawa sawa," Ildefons alisema. "Na mikutano sawa. Mkikosea mkutano, watu watakaa, watachoka, watarudi makwao, kesho mtatangaza tena. Mimi sikatai mashine yenu. Lakini kazi ya kifo mliipaje?"

Julius alisema anaelewa uchungu wao, ila kwa haki, ni jina moja tu lililokosewa.

"Ni jina moja tu, kweli," alisema Bartholomayo. "Na aliyekufa alikuwa mmoja tu. Mwanangu, mimi nilimlilia shemeji siku mbili, na dada yangu akazikwa mimi niko njiani na blanketi lake. Nikudai nini? Utanirudishia nini hapa?"

Julius akafanya alichojua kufanya. Alisema atatoa tangazo la masahihisho sasa hivi, bila malipo, mara tatu kwa siku kwa wiki nzima. Aliandika haraka, akabonyeza, akawasikilizisha kabla halijaenda hewani. Ile sauti tamu ikasema: "Uongozi wa redio unapenda kuwajulisha wasikilizaji kwamba Mzee Ildefons Kaijage wa Kanazi hajafariki. Yu hai na mwenye afya njema. Tunaomba radhi kwa usumbufu."

Julius aliwageukia akitegemea shukrani. Joanitha, ambaye tangu waingie hakuwa amesema neno, ndiye aliyeuliza.

"Na mama yuko wapi humo?"

Julius aligeukia kompyuta. Alisoma tena kwenye kioo alichoandika. Joanitha akamwambia kwamba hiyo ni mara ya tatu: mashine imemwacha nje, msichana wa mapokezi akamfuta, na sasa yeye, mtu mwenye macho, amemwacha nje tena. Wote wanamshughulikia baba yake ambaye hana neno. Aliyekufa ni Ephrasia. Hakuna redio iliyowahi kusema hivyo, na kuna watu mpaka leo wanadhani mama yake yupo nyumbani anapokea pole.

"Hatutaki mashine iseme," Ildefons alisema. "Kaa hapo usome wewe."

Julius alisema hajawahi kusoma hewani, kazi yake ni utawala. Aliposema hivyo alikuwa tayari anavuta kiti. Avit alimpa simu yenye ule ujumbe wa kwanza. Kijana alizima mahindi, akakohoa, akasoma. Alikwama kwenye Kokubanza, Joanitha akamtamkia, akarudia jina zima upya kutoka mwanzo. Alipofika kwenye siku ikabidi abadilishe: kifo si cha leo, na mazishi yamekwisha kufanyika. Akaongeza, bila kuambiwa, kwamba ndugu yake, Bartholomayo Rugaibula wa Kamachumu, hakuwahi mazishi kwa kosa la kituo hiki, si kwa kosa la familia. Bartholomayo aliposikia hivyo aliketi sakafuni kama mtu aliyefika msibani, akaufunika uso wake, akamlilia dada yake.

Walimwacha alie. Msichana wa mapokezi alisimama mlangoni, naye analia.

*

Walipokuwa wakitoka, kwenye korido, sauti ya mashine ilikuwa imerudi kazini. Ilikuwa saa ya matangazo ya vifo. Ikasema inasikitika kutangaza kifo cha Bwana Karugendo wa Ibwera.

Ildefons alisimama. Joanitha alimvuta mkono, akamwambia twende tata, watu wanatusubiri. Mzee hakwenda. Alirudi mpaka mlango wa studio, ambako Julius alikuwa bado kwenye kile kiti, amechoka.

"Huyo Karugendo," Ildefons aliuliza, "amekufa au ndiye anayetangaza?"

Julius alisema hajui. Bila shaka amekufa.

"Mpigie."

Kijana aliomba wamwelewe: kwa siku huingia matangazo mengi, haiwezekani kumpigia kila mtu, ndiyo sababu ya programu. Ildefons alisema hamwombi ampigie kila mtu. Anamwomba ampigie Karugendo. Kisha akaketi kwenye benchi la korido, lile lile alilokalia Avit, akaweka fimbo yake katikati ya magoti. Bartholomayo akaja akaketi pembeni yake.

Julius aliipata namba kwenye kompyuta, akapiga, akaweka spika. Iliita kwa muda. Sauti ya mwanamke ikaitika. Julius alijitambulisha, akauliza kwa sauti ya chini: samahani mama, tumepokea tangazo lenu, tunataka kuhakikisha. Aliyefariki ni nani?

"Ni mume wangu," mwanamke alisema. "Karugendo. Ni yeye."

Mashine haikuwa imekosea. Julius alimtazama Ildefons, na mzee akaitikia kwa kichwa. Julius akashukuru, akampa pole mama, akataka kukata. Lakini mwanamke hakuwa amemaliza. Alisema tangu jana watu wanampigia kuuliza mazishi ni lini na gari litatoka wapi. Hakuna aliyeuliza habari za Karugendo mwenyewe. Akaanza kueleza alivyoanza kuumwa kifua akiwa shambani, alivyokataa kupelekwa hospitali mpaka ng'ombe akamuliwe kwanza, alichosema kabla ya kunyamaza. Alieleza yote, na Julius, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kukata, hakukibonyeza. Alisema ndiyo mama. Alisema nakusikia, mama.

Ildefons alisimama, akamwinua shemeji yake, wakatoka nje kwenda kutafuta gari la Kanazi.